Terminali tawala ya prosesi katika C: dalili, sababu na tiba

Makosa mengi ya eneo hili huzaliwa na swali lililoulizwa vibaya. Mtu anataka kujua terminali inayoitawala prosesi (controlling terminal), lakini msimbo wake unauliza kama fd 0 (fd ni namba ya faili lililofunguliwa; 0 ni ingizo, 1 ni matokeo, 2 ni makosa) imeunganishwa na terminali. Hayo ni mambo mawili. Kwenye meza yako majibu hufanana, ndiyo maana kosa halionekani mpaka siku programu inapowekwa kwenye cron (ratiba ya kazi zinazojiendesha) au inapolishwa data kupitia paipu.

Terminali tawala ni mali ya sesheni, yaani mkusanyiko wa prosesi zilizo chini ya kiongozi mmoja. Ukiingia kwenye seva kwa SSH, sheli yako ndiyo kiongozi wa sesheni, na kila unachokianzisha humo hurithi terminali ileile. Unaweza kufunga fd 0, 1 na 2 zote, na bado mtu akibonyeza Ctrl+C ishara ikakufikia. Kinyume chake pia hutokea: fd 0 inaelekea terminali fulani, lakini terminali hiyo si tawala kwako.

Maelezo yafuatayo ni ya Linux. Pale BSD na macOS zinapoachana nayo, tumetaja.

Kabla ya kugusa msimbo, endesha amri hii ukiweka PID ya programu yako:

```
ps -o pid,ppid,pgid,sid,tpgid,tname,stat,cmd -p 4821
```

Safu ya TTY ikionyesha `?`, prosesi haina terminali tawala, na hakuna funksheni ya C itakayokutafutia kisichokuwepo. SID ikilingana na PID, hiyo prosesi ni kiongozi wa sesheni. STAT nayo itakuwa na herufi `s`. Alama ya `+` maana yake iko kwenye kundi la mbele (kundi la prosesi linaloruhusiwa kusoma kibodi), na `T` maana yake imesimamishwa. Nusu ya matatizo yaliyo hapa chini hujieleza kwenye mstari huo mmoja.

Dalili: ttyname(0) inarudisha NULL, na perror inasema "Inappropriate ioctl for device"

Hiyo ni ENOTTY, namba 25. Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba ingizo limeelekezwa kwingine: `./programu < data.txt`, au `cat data.txt | ./programu`. Hakikisha kwa `ls -l /proc/4821/fd/0`. Ukiona `pipe:[...]` au jina la faili, umepata jibu.

Inayofuata kwa wingi: programu imeanzishwa na huduma nyingine ambayo imeweka `/dev/null` kwenye 0. Kisha EBADF, yaani fd 0 imefungwa kabisa. Ya mwisho, inayowachanganya wengi, ni ENODEV ndani ya kontena: fd kweli ni terminali, lakini faili lake halipo kwenye `/dev/pts` ya kontena hilo, kwa hiyo glibc (maktaba ya C) haina jina la kukupa.

Usijaribu 0, kisha 1, kisha 2 mpaka mojawapo ikubali. Utapata jina, lakini bado litakuwa jibu la swali lingine. Kama unachohitaji ni kusoma nywila kutoka kwa aliyekaa mbele ya kibodi, fungua `/dev/tty` moja kwa moja na usijali jina lake. Kama unahitaji jina lenyewe, endelea na dalili inayofuata.

Dalili: kila mara napata "/dev/tty", si "/dev/pts/3"

Sababu ya kwanza ni `ctermid()`. Jina lake linaahidi mengi, lakini kwenye glibc na musl inarudisha maandishi `/dev/tty` bila kuangalia chochote. Hata prosesi isiyo na terminali hupewa jibu hilohilo. Haina kosa, POSIX inaitaka irudishe njia inayoielekea terminali tawala, na `/dev/tty` ni njia halali.

Sababu ya pili: umefungua `/dev/tty` kisha ukaita `ttyname()` juu ya fd hiyo. Faili lililofunguliwa linaitwa `/dev/tty`, basi ndilo jina utakalopewa. Kifaa hiki chenye namba 5:0 ni kama mlango wenye maandishi "nyumbani": kila anayepita hufika kwake mwenyewe.

Tiba ni kusoma sehemu ya 7 ya `/proc/PID/stat`, inayoitwa tty_nr. Kerneli yenyewe ndiyo inayoandika hapo, na njia hii inafaa kwa prosesi yako na kwa ya mwingine:

```c
#include <stdio.h>
#include <string.h>
#include <sys/types.h>
#include <sys/sysmacros.h>

/* 0 = ipo, 1 = haina terminali, -1 = hitilafu */
int terminali_ya(pid_t pid, unsigned *kuu, unsigned *ndogo)
{
    char njia[64], buf[1024], *p;
    int tty;

    snprintf(njia, sizeof njia, "/proc/%ld/stat", (long)pid);
    FILE *f = fopen(njia, "r");
    if (!f) return -1;
    size_t n = fread(buf, 1, sizeof buf - 1, f);
    fclose(f);
    buf[n] = '\0';

    p = strrchr(buf, ')');
    if (!p || sscanf(p + 1, " %*c %*d %*d %*d %d", &tty) != 1)
        return -1;
    if (tty == 0) return 1;

    *kuu   = major((unsigned)tty);
    *ndogo = minor((unsigned)tty);
    return 0;
}
```

Mistari miwili hapo imebeba uzito wote.

`strrchr` inatafuta mabano ya mwisho kwa sababu sehemu ya 2 ni jina la programu, na jina linaweza kuwa na nafasi au mabano ndani yake. Anayegawanya mstari kwa nafasi tangu mwanzo atafanikiwa kwa `bash` na `vim`, kisha siku moja programu iitwe `(kazi 2)` na sehemu zote zisogee. Kosa hili limo kwenye mifano mingi inayonakiliwa.

`major()` na `minor()` nazo zinafungua namba kwa mpangilio sahihi. Namba kuu iko kuanzia biti ya 8, lakini namba ndogo imegawanyika: biti 0 hadi 7, kisha 20 hadi 31. Mwenye haraka huandika `tty & 0xff` na kuridhika, kwa kuwa 34816 inampa 136:0, yaani `/dev/pts/0`, na 34817 inampa `/dev/pts/1`. Kwenye seva yenye watu wengi, `/dev/pts/256` huandikwa 1083392, na njia hiyo ya mkato itakuambia ni `/dev/pts/0`. Ujumbe utaenda kwa mtu mwingine kabisa. Kompaila ikilalamika kuwa haizijui `major` na `minor`, ongeza `<sys/sysmacros.h>`, tangu glibc 2.28, `<sys/types.h>` haizileti tena.

Kutoka namba kwenda jina: namba kuu 136 ni `/dev/pts/` ikifuatiwa na namba ndogo. Namba kuu 4 yenye ndogo chini ya 64 ni `/dev/tty1`, `/dev/tty2` na kuendelea. Kuanzia 64 ni milango ya siriali, kwa hiyo 4:64 ni `/dev/ttyS0`. Nyinginezo, kama 188:0 ambayo ni `/dev/ttyUSB0`, soma kiungo cha `/sys/dev/char/188:0` kwa `readlink` na uchukue kipande cha mwisho. Kisha thibitisha: ita `stat()` juu ya jina ulilopata, hakikisha ni `S_ISCHR`, na `st_rdev` inalingana na namba uliyoanza nayo.

Kontena tena: kila kontena huwa na devpts yake (mfumo wa faili ulio kwenye `/dev/pts`), kwa hiyo 136:0 ya ndani na 136:0 ya nje zinaweza kuwa terminali mbili tofauti. Ukiangalia PID ya kontena kutoka kwenye mashine mama, usiandike kwenye jina ulilolipata ukidhani ni lake.

Kwenye macOS hakuna `/proc`. Huko unatumia `sysctl` na KERN_PROC_PID, unasoma `e_tdev`, kisha `devname()`.

Na kama `fopen` yenyewe inakataa kwa prosesi za wengine huku ya kwako ikisomeka, huenda `/proc` imewekwa kwa hidepid, chaguo linaloficha prosesi za wengine. Huo ni uamuzi wa msimamizi wa seva. Muombe yeye; usiipe programu yako setuid ya root (ruhusa ya kuendeshwa kama root) ili kuruka kizuizi.

Dalili: open("/dev/tty") inashindwa, "No such device or address"

ENXIO, namba 6. Jibu hili ni la kweli na lina thamani: sesheni haina terminali tawala. Kilichobaki ni kujua kwa nini.

Cron ndiyo inayoongoza. Kazi za cron hazina terminali, na hazitakuwa nayo. Programu inayoomba nywila haiwezi kuishi humo. Badilisha isome siri kutoka faili lenye ruhusa 600.

Ya pili ni SSH yenye amri mkiani. `ssh seva ./programu` haiombi terminali; `ssh -t seva ./programu` inaomba. Ukiiendesha kutoka ndani ya skripti ambayo nayo haina terminali, tumia `-tt`.

Kisha kontena lililoanzishwa bila `-t`, ambapo `docker run -it` hutosha; na huduma za systemd (msimamizi wa huduma wa Linux), ambazo huanza bila terminali isipokuwa uandike `StandardInput=tty` na `TTYPath=`. Fikiri mara mbili kabla ya kufanya hilo la mwisho: huduma inayohitaji kibodi kwa kawaida imekosewa muundo.

Kuna sababu moja adimu lakini ya hapa kwetu hasa. Uko Mbezi, seva iko Ulaya, umeme unakatika au bando linaisha katikati ya kazi. Muunganisho unakufa kimyakimya, na sshd upande wa pili inaweza kuchelewa kugundua. Ukirudi unapewa `pts/1`, huku programu ya awali bado ikionyesha `pts/0`. Baadaye sshd ikikata tamaa, terminali ya zamani inafungwa, SIGHUP (ishara ya terminali kukatika) inatumwa, na prosesi iliyosalimika inabaki na tty_nr 0. Kwa hiyo programu ileile, PID ileile, leo asubuhi ilikuwa na terminali na mchana haina. Usihifadhi jina la terminali kwenye kigeu mwanzoni na kuliamini saa nzima, liulize upya. Kwa kazi ndefu fungua tmux kwanza, inayobaki hai muunganisho ukikatika. `nohup` pekee haimwondolei mtu terminali tawala: inapuuza SIGHUP na kuelekeza matokeo kwingine, basi. Ukitaka kujitenga kweli, ni `setsid`, inayoanzisha sesheni mpya.

Dalili: setsid() inarudisha -1, EPERM

Sababu ni moja: anayeita tayari ni kiongozi wa kundi la prosesi, na programu iliyoanzishwa moja kwa moja kutoka sheli huwa hivyo. Ita `fork()`, mzazi atoke, mtoto aite `setsid()`.

Dalili: nimeita setsid() na kufungua terminali, lakini haijawa tawala

Hukutana nayo anayeandika kiigizaji cha terminali au sheli yake mwenyewe. Bash hulalamika "no job control in this shell". Angalia kwa mpangilio huu:

1. Je, ni kiongozi wa sesheni? `getsid(0) == getpid()` lazima iwe kweli. Ukifanya fork ya pili baada ya setsid, mjukuu si kiongozi, na hawezi kupata terminali tawala. Ndiyo kusudi la fork mbili kwenye huduma. Kwa kiigizaji ni kosa.
2. Je, O_NOCTTY (alama inayozuia terminali kuwa tawala) imo kwenye `open()`? Au umefungua kwa O_WRONLY? Linux za sasa haziambatanishi terminali iliyofunguliwa kwa kuandika tu.
3. Je, terminali ile tayari inatawala sesheni nyingine? Haigawanywi.
4. Je, ulichofungua ni `/dev/console`, `/dev/tty0` au upande mkuu wa pty (terminali bandia)? Linux haifanyi hivyo kuwa tawala kwa kufunguliwa tu. Ndiyo maana sheli ya dharura juu ya `/dev/console` huwa haina Ctrl+C. Fungua `/dev/tty1` au `/dev/ttyS0` yenyewe.

Njia ya uhakika ni kuomba wazi baada ya kufungua: `ioctl(fd, TIOCSCTTY, 0)`. Kwenye BSD ni lazima, kwa kuwa huko kufungua peke yake hakutoshi. Hiyo hoja ya tatu iache 0. Ukiweka 1 ukiwa root, unainyang'anya sesheni nyingine terminali yake.

Dalili: huduma inayosoma mizani au kifaa cha siriali inakufa waya ukichomolewa, au inakufa bila sababu

Hili tunaomba ulisome taratibu, kwani linagharimu maduka mauzo ya siku. Programu inasoma uzito kutoka mizani ya dijitali kupitia waya wa USB-siriali, `/dev/ttyUSB0`, 9600. Kwenye meza ya mtengenezaji inafanya kazi wiki nzima. Inafungwa dukani Kariakoo kama huduma ya systemd, na kila mtu akiugusa waya inazimika.

Kinachotokea ni hiki. Systemd huita setsid kabla ya kuanzisha huduma, kwa hiyo programu yako ni kiongozi wa sesheni asiye na terminali. Terminali ya kwanza atakayoifungua bila O_NOCTTY inakuwa tawala kwake, nayo ni mlango wa mizani. Waya ukichomoka, kerneli inaona terminali imekatika na kutuma SIGHUP, ambayo bila kushughulikiwa huua. Kwenye meza haikutokea kwa sababu sesheni ya sheli ilikuwa na terminali yake tayari.

Linalozidisha balaa: systemd huhesabu kifo cha SIGHUP kuwa kutoka kwa amani. `Restart=on-failure` haitaiamsha. Mwenye duka anaona huduma imesimama, logi haina kosa lolote.

Na ile ya "bila sababu": baadhi ya mizani hufunga kila ujumbe kwa baiti 0x03. Hiyo ndiyo Ctrl+C. Mlango ukiwa terminali tawala na ISIG (mpangilio unaogeuza herufi kama Ctrl+C kuwa ishara) ikiwa imewashwa, mizani inaiua programu kwa SIGINT kila inapomaliza kusema uzito.

Angalia kwanza kwa `ps`: TTY ikionyesha `ttyUSB0`, umethibitisha. Tiba:

```c
int fd = open("/dev/ttyUSB0", O_RDWR | O_NOCTTY | O_CLOEXEC);
struct termios t;
if (fd < 0 || tcgetattr(fd, &t) < 0) return -1;
cfmakeraw(&t);
t.c_cflag |= CLOCAL | CREAD;
cfsetispeed(&t, B9600);
cfsetospeed(&t, B9600);
if (tcsetattr(fd, TCSANOW, &t) < 0) return -1;
```

`cfmakeraw` inazima ISIG, CLOCAL inapuuza mistari ya modemu. Waya ukichomoka sasa, `read()` itarudisha 0 au EIO: funga fd, subiri sekunde 2, jaribu kufungua tena. Kwenye faili la huduma weka `Restart=always`. Kufungua kukikataliwa kwa EACCES, kwa kawaida mtumiaji hayumo kwenye kundi la `dialout`. Usitibu kwa chmod 666.

Dalili: programu inajisimamisha, "Stopped (tty input)"

Iko kundi la nyuma na imesoma terminali tawala, ikapewa SIGTTIN. Irudishe mbele kwa `fg`. Linganisha PGID (kundi la prosesi) na TPGID (kundi la mbele la terminali) kwenye `ps`. Zikitofautiana, uko nyuma. SIGTTOU huja ukiita `tcsetattr` au `tcsetpgrp` ukiwa nyuma. Kundi likiwa yatima, yaani hakuna sheli ya kulirudisha mbele, kerneli haisimamishi tena, na `read()` inarudisha EIO.

Ikiwa ilisimama baada ya kuzima mwangwi ili kusoma nywila, unachoandika hakitaonekana. Bonyeza Ctrl+J, andika `stty sane`, kisha Ctrl+J tena.

Dalili: jina ni sahihi lakini si la dirisha ninaloliona

Karibu kila mara uko ndani ya tmux, screen au `script`, na kila moja huunda pty yake. Sudo pia: tangu toleo la 1.9.14, use_pty imewashwa kwa chaguo-msingi, hivyo amri iliyo ndani ya sudo huweza kuwa na terminali tofauti na ya sheli iliyoiita. Hakuna cha kurekebisha. Kama unahitaji ya nje, panda kwa PPID, ukisoma sehemu ya 4 ya `stat`, na uulize kila mzazi.

Simama hapa, mwite msimamizi wa seva

Usiendelee mwenyewe kama prosesi iko kwenye hali `D` (inasubiri kifaa na haikatizwi) na haifi hata kwa `kill -9`: tatizo liko kwenye kerneli au kifaa, na kurudia kill hakusaidii. Usiue kiongozi wa sesheni ya mtu mwingine ili kuachilia terminali. SIGHUP itawafikia walio kwenye kundi lake la mbele, pengine hifadhidata iliyo katikati ya kuandika. Usisukume herufi kwenye terminali ya mwingine kwa TIOCSTI. Kuanzia kerneli 6.2 inaweza kuzimwa kwa sababu za usalama, na kwa mtu anayekagua seva itaonekana kama shambulio. Programu ya setuid isitumie jina la terminali kama uthibitisho wa nani anaitumia.

Ukimwita, mpelekee mstari wa `ps` ulio juu, `ls -l /proc/PID/fd`, matokeo ya `uname -r`, na useme kama prosesi imo ndani ya kontena. Asipoyapata hayo, ataanza kwa kukuuliza hayohayo.